Mkopo wa kahawa kando ya Nyamwamba: uchambuzi wa kisa cha benki na hatari ya tabianchi

Kisa hiki kinahusu mkopo mmoja, tawi moja na mto mmoja wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Mteja, tawi na benki ni vya mfano, na tarakimu za mkopo nimeziweka mimi ili hesabu ionekane. Mto, mafuriko, sheria na kanuni ni vya kweli.

Nimechagua mkopo mdogo makusudi. Tukianza kuzungumzia benki na mabadiliko ya tabianchi, mara tunajikuta kwenye mikutano ya kimataifa na mabilioni ya dola, huku tumemsahau afisa mikopo anayepanda bodaboda kwenda bondeni kukagua dhamana. Kwa maoni yangu ripoti ya tabianchi ya benki yoyote ya Uganda inaanzia kwa afisa huyo. Alichokiona kisipoandikwa, hakuna mtaalamu wa makao makuu Kampala atakayeweza kukieleza kwa ukweli.

Mteja na mkopo wake

Mteja ni mama wa makamo anayenunua kahawa ya arabika kwa wakulima wa miteremko ya Rwenzori. Ana kituo cha kumenya na kuosha kahawa kwenye bonde linalopanda kutoka mji wa Kasese kuelekea Kilembe: mashine ya kumenya, matangi ya kuchachushia, safu za vichanja vya kuanikia na ghala la matofali. Kwa wakulima anazungumza Lukonzo. Kwa madereva wa malori, wapagazi na wachuuzi wa soko la mpakani Mpondwe, ambako Wakongo huvuka kuuza na kununua, lugha ni Kiswahili, na ndicho alichozungumza na afisa wa benki aliyehamishiwa tawi hilo kutoka mashariki mwa nchi.

Mwishoni mwa 2018 alikopa shilingi milioni 180 kwa miaka 5, riba asilimia 19 kwa mwaka. Marejesho yakawa kama milioni 4.7 kila mwezi. Dhamana ilikuwa kiwanja chenye kituo chenyewe, kilichothaminiwa kwa milioni 300 kwa bei ya soko na milioni 210 kwa bei ya kuuza haraka. Kwa vigezo vya kawaida vya benki, mkopo huo ulikuwa safi. Mama alirejesha kwa wakati miezi yote ya 2019 na mwanzo wa 2020.

Faili linasema nini

Ndani ya faili kuna fomu ya maombi, taarifa za akaunti za mwaka mzima, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), hati ya ardhi, ripoti ya mthamini yenye picha, bima ya moto na kumbukumbu za kamati ya mikopo. Mto Nyamwamba umetajwa mahali pamoja tu, kwenye ripoti ya mthamini, chini ya sifa nzuri za kiwanja: barabara inafika, umeme upo, mto uko karibu na maji ya kuoshea kahawa hayakatiki.

Mthamini hakusema uongo. Kituo cha kuosha kahawa kwa mtindo wa zamani kinahitaji maji mengi, na kuwa karibu na mto ni faida ya kweli. Tatizo ni kwamba mto uleule uliomwezesha mama kupata mkopo ndio uliokuwa na uwezo wa kumnyang'anya dhamana, na fomu zilikuwa na nafasi ya jambo la kwanza tu.

Siku ya ukaguzi afisa aliuliza swali zuri. "Mama, mto huu haukusumbui?"

"Mwanangu, mto una siku zake. Mwaka 2013 ulifika pale kwenye mparachichi. Mashine wakati huo sikuwa nayo."

Mparachichi ule ulikuwa upande wa juu wa vichanja, hatua chache kutoka mlango wa ghala. Kwa maneno hayo machache mama alikuwa amempa afisa ramani ya mafuriko iliyo bora kuliko nyingi zilizochorwa kwa kompyuta: mwaka, na mahali maji yalikofika. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya aina ya ukuta, aina ya paa na umbali kutoka barabara kuu. Nafasi ya maji haikuwepo. Afisa aliandika kwamba mteja ni mwenyeji na anafahamika, akarudi mjini.

Mambo mengine mawili yalikuwa yanaonekana tangu siku hiyo. La kwanza ni la kisheria. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinazohusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka eneo la hifadhi kandoni mwa mto, mita 30 kwa mito ya kawaida na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Vichanja vya chini vilikuwa ndani ya mita hizo 30. Hata mvua isingenyesha, sehemu ya dhamana ilikuwa na kasoro ambayo mnunuzi yeyote makini angeitumia kushusha bei.

La pili ni bima. Benki ilimtaka mteja akate bima ya moto, naye akakata. Hakuna aliyesoma kama mafuriko yamo. Hayakuwamo, kifungu cha mafuriko kinaongezwa kwa kuombwa na kulipiwa zaidi. Uganda ina mpango wa bima ya kilimo wenye ruzuku ya serikali tangu 2016, lakini huo umelengwa kwa mazao na mifugo. Mashine iliyofungwa kwenye zege inahitaji bima ya aina nyingine.

Mei 2020

Mvua kubwa za wiki ya kwanza ya Mei 2020 ziliifurisha mito ya Rwenzori kwa pamoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha. Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa, magogo na mchanga uliochanganyika na masalia ya mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe. Hospitali ya Kilembe, iliyokuwa imeharibiwa na mto huohuo Mei 2013, safari hii iliharibiwa vibaya zaidi, ikabidi huduma zihamishwe. Maelfu ya watu walipoteza makazi.

Katika kisa chetu, vichanja vyote vilikwenda na maji. Mashine ya kumenya ilifukiwa hadi nusu. Ukuta mmoja wa ghala ulianguka, na kahawa iliyokuwa imehifadhiwa ikalowa na kuoza. Baki la mkopo lilikuwa kiasi cha milioni 142.

Mwezi huohuo, upande wa pili wa nchi, Ziwa Victoria lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuvuka kidogo rekodi ya 1964. Fukwe, hoteli na magati ya uvuvi vikaingiwa na maji. Benki yenye mikopo Kasese na kwenye fukwe za ziwa ilipata hasara pande mbili kwa wakati mmoja, na asubuhi ile hakuna mtu makao makuu aliyekuwa na orodha ya kumwonyesha ni dhamana ngapi zilizo kwenye maji.

Namna mto ulivyopotea kwenye kumbukumbu

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, Benki Kuu ya Uganda ilikuwa imeruhusu benki kuahirisha au kupanga upya marejesho ya wateja walioathiriwa na Korona. Ulikuwa uamuzi wa busara na uliokoa biashara nyingi. Mama alipofika tawini, akiwa na picha za mashine iliyofukiwa, meneja alimsaidia kwa njia iliyokuwa wazi mbele yake: marejesho yaliahirishwa kwa mpango huo, na kwenye mfumo wa kompyuta, penye sababu, pakaandikwa Korona.

Meneja alimtendea mteja wema, na kwa haraka. Lakini kwa kuandika hivyo, mafuriko hayakuingia kwenye hesabu za benki. Ukitafuta leo kwenye kumbukumbu zao mikopo iliyopangwa upya Kasese mwaka 2020, utaona tatizo la kiafya lililoisha. Mtakwimu anayetaka kujua mto wa Rwenzori huilia benki kiasi gani kila unapofurika hatapata kitu. Mafuriko ya 2013 hayakuandikwa kwa sababu fomu haikuwa na nafasi, na ya 2020 yaliandikwa kwa jina la jambo lingine. Kwa hiyo benki imekaa na mto huo kwa miaka na bado haina historia nao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema benki zetu hazina takwimu za tabianchi. Takwimu zimo midomoni mwa wateja, kwenye simu za maafisa wenye picha, kwenye barua za kuomba nafuu. Kinachokosekana ni namba moja kwenye mfumo ya kuonyesha sababu ya mteja kukwama: mafuriko, ukame, maporomoko, upepo, ugonjwa wa mimea. Kuiongeza ni kazi ya mtu wa kompyuta kwa siku chache, na faida yake huanza kuonekana baada ya misimu miwili mitatu ya mvua.

Hesabu ya hasara

Tangu 2018 kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9, kinazitaka benki zitenge akiba kwa hasara zinazotarajiwa, bila kusubiri mteja akwame kwanza. Hesabu yenyewe ina nguzo tatu: uwezekano wa mteja kushindwa, sehemu ya deni itakayopotea akishindwa, na deni lenyewe.

Kabla ya mafuriko benki ilimpa mama uwezekano wa asilimia 6 wa kushindwa na ikaamini itapoteza asilimia 25 tu kwa kuwa dhamana ni nzuri. Kwa deni la milioni 142, akiba ni milioni 2.1. Sasa weka mto ndani. Kituo kinachoweza kusombwa kina uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa, tuseme asilimia 15. Na mto ukikisomba, dhamana nayo imesombwa, kwa hiyo sehemu itakayopotea inapanda, tuseme asilimia 60. Akiba inakuwa karibu milioni 12.8. Mara sita.

Angalia kilichosababisha hesabu kuruka namna hiyo. Katika mkopo wa kawaida mteja anaweza kufilisika huku kiwanja chake kikibaki na thamani yake, na dhamana ipo kwa ajili ya siku hiyo. Hapa mapato na dhamana vinasimama kwenye ukingo mmoja. Siku ambayo benki inahitaji dhamana ndiyo siku dhamana imeondoka. Mkopo wowote ambao biashara na dhamana yake viko bonde moja unastahili kuangaliwa kwa jicho hilo, hata ukiwa mdogo.

Kuna jambo la pili ambalo mkopo mmoja peke yake hauwezi kulionyesha. Tawi hilohilo lina mkopo wa shule ya binafsi iliyo chini kidogo ya kituo, mkopo wa mwenye nyumba za kupanga karibu na daraja, na mikopo ya mishahara ya wauguzi na walimu wanaofanya kazi bondeni. Kwenye vitabu hiyo ni elimu, nyumba, afya na kilimo, sekta nne tofauti, na ripoti ya mtawanyiko wa hatari inapendeza. Kwa Nyamwamba wote ni jirani. Benki hupanga mikopo yake kwa sekta na mto hauna habari na sekta. Ukiuliza tawi limekopesha kiasi gani kwa kilimo utajibiwa mara moja. Ukiuliza limekopesha kiasi gani ndani ya mita 200 za mto, itabidi mtu afungue faili moja baada ya jingine.

Kile ambacho wasomaji wa ripoti wanakitaka

Mwaka 2015 Bodi ya Uthabiti wa Fedha duniani iliunda kikosi cha TCFD, cha taarifa za fedha zinazohusu tabianchi, na mapendekezo yake ya 2017 yakaziweka taarifa za tabianchi katika mafungu manne: uongozi, mkakati, usimamizi wa hatari, na vipimo na malengo. Mafungu hayo yakarithiwa na kiwango cha IFRS S2, kilichotolewa Juni 2023 na ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, na kuanza kutumika kwa vipindi vya kuanzia Januari 2024, kila nchi ikijipangia namna ya kukipokea. Kamati ya Basel, ya wasimamizi wa benki wa kimataifa, nayo ilitoa kanuni 18 mwaka 2022 za kusimamia hatari hizi. Majirani walishaanza: Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kwa benki zake Oktoba 2021, na Tanzania ikafuata 2022. Uganda ina Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021, na taasisi ya wahasibu, ICPAU, ndiyo inayosimamia viwango vya uhasibu ambavyo S2 ni ndugu yao.

S2 inauliza mambo mengi, lakini swali moja linagusa kisa chetu moja kwa moja: ni kiasi gani, na asilimia ngapi, ya mali au shughuli zako iko kwenye hatari za moja kwa moja za tabianchi? Benki yetu ya mfano haiwezi kujibu. Kwa hiyo ripoti yake ya mwaka ina kurasa za picha: wafanyakazi wakipanda miti, mkurugenzi akikabidhi miche shuleni, aya inayosema benki inatambua umuhimu wa mazingira. Miti ipandwe, na bonde la Nyamwamba linaihitaji kuliko mahali pengi. Lakini mwenye hisa au mweka amana anayesoma kurasa hizo hajui kama fedha yake iko kwenye mparachichi ule au juu yake.

Kiwango chenyewe hakidai miujiza. Kinasema utumie taarifa zenye msingi unazoweza kuzipata bila gharama au juhudi kupita kiasi, na uchambuzi wa hali za baadaye ulingane na ukubwa na uwezo wa taasisi. Katika mwaka wa kwanza kinaruhusu hata kutotaja utoaji wa hewa ukaa wa wateja. Benki ndogo ya Uganda inaweza kuandika ukurasa mmoja wa ukweli na ukatosha kuanzia.

Kuhusu hiyo hewa ukaa nina maoni thabiti. Washauri wengi wakifika Kampala huanza na kuhesabu kaboni ya mikopo. Kwa benki inayokopesha bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, hesabu hiyo ni ya lazima, maana hapo kuna hatari za mpito za kweli, yaani zile zinazoletwa na dunia, sheria na masoko kugeukia njia zisizoharibu tabianchi: benki kadhaa kubwa za kimataifa zilikataa kuligharamia, na Machi 2025 sehemu ya kwanza ya mkopo ikatoka kwa kundi lililohusisha Afreximbank, Standard Bank, Stanbic Uganda na KCB Uganda. Wanaoweka fedha kwenye benki za namna hiyo wana haki ya kujua. Lakini kwa tawi la Kasese, kuhesabu moshi wa mashine ya mama kabla ya kuhesabu mto ulio mita chache kutoka kwake ni kuanza na jambo dogo na kuacha kubwa. Kwa benki za nchi yenye mchango mdogo sana katika joto la dunia, hatari inayotangulia ni ya maji, ukame na udongo unaoporomoka.

Hatari inayokuja polepole

Mafuriko hutokea usiku mmoja. Joto la kahawa halina usiku wake. Arabika hustawi kwenye ubaridi wa miinuko. Joto likiongezeka, magonjwa na wadudu hupanda mlima na eneo zuri la kulima nalo husogea juu. Kwenye Rwenzori, juu kuna mpaka wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1991. Mkulima hawezi kuhamishia shamba ndani ya hifadhi. Kwa hiyo kwa mkopo wa miaka 5 joto ni jambo dogo, na kwa mkakati wa benki inayotaka kuendelea kukopesha kahawa ya Kasese kwa miaka 20 ni jambo kubwa. Haya mawili yanapaswa kuandikwa sehemu tofauti za ripoti, na mara nyingi huchanganywa.

Halafu kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia bidhaa zilizotokana na ukataji wa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kahawa imo, na Ulaya ndiyo mnunuzi mkuu wa kahawa ya Uganda. Mama atalazimika kumwonyesha msafirishaji mahali hasa lilipo kila shamba analonunua kwake. Kwa mashamba yasiyozidi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha. Akishindwa, kahawa yake itauzwa kwa bei ya chini au haitauzwa. Hiyo ni hatari ya mpito, na imefika mpaka mlangoni kwake bila yeye kuchoma hata lita moja ya mafuta.

Ila nukta hizohizo za ramani, ambazo zinakusanywa kwa ajili ya Ulaya, ndizo benki inazozikosa. Mama akiruhusu, tawi linaweza kuziweka juu ya ramani ya mito na miteremko na kujua ni wakulima wangapi kati ya wanaomletea kahawa wako kwenye maporomoko. Mzigo mmoja unalipiwa mara moja na kutumika mara mbili. Ruhusa yake iombwe kwa maandishi, kwani mashamba ni ya watu.

Jaribu la kukimbia bonde

Mara makao makuu yakishaiona hesabu ya akiba iliyopanda mara sita, amri nyepesi kutoa ni hii: msikopeshe tena bondeni. Ninaiogopa amri hiyo kuliko ninavyoogopa ukimya wa zamani. Watu hawatahama kwa sababu benki imeondoka. Watakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani wanaotoza riba ya mwezi inayokaribia ile ya benki ya mwaka, na mafuriko yajayo yatawakuta na madeni makubwa zaidi kwenye ukingo uleule. Benki itakuwa imesafisha ripoti yake, na hatari itakuwa imebebeshwa watu wasio na ripoti.

Kuweka wazi hatari kunapaswa kubadilisha masharti ya mkopo, na kumpa mteja njia ya kutoka kwenye hatari hiyo. Kwa mama huyu njia ipo, na inaanzia kwenye mashine. Mashine mpya za kumenya na kuondoa utelezi hutumia maji kidogo mno kuliko matangi ya zamani. Kituo chenye mashine hiyo hakina sababu ya kukaa ukingoni. Tangi la maji ya mvua na bomba dogo vinaweza kukihudumia kikiwa juu, kando ya barabara. Sababu pekee iliyomweka mama kando ya mto imeondoka.

Na fedha nafuu zipo. Mfuko wa Mikopo ya Kilimo unaoendeshwa na serikali kupitia Benki Kuu tangu 2009 hutoa mikopo ya mitambo ya kilimo na usindikaji kwa riba isiyozidi asilimia 12, serikali na benki shiriki zikichangia. Tofauti ya asilimia 19 na 12 kwenye mtambo kama huu ndiyo inayoamua kama kuhama kunawezekana. Hii ndiyo sura halisi ya fursa za tabianchi kwa benki ya Uganda: mteja aliyekuwa hatari anabaki kuwa mteja, akiwa mita nyingi juu ya mto.

Uamuzi ningeuweka hivi

Mkopo wa zamani uhamishiwe kundi la mikopo ambayo hatari yake imeongezeka, na sababu irekebishwe kwenye mfumo kutoka Korona kwenda mafuriko, hata kama miaka imepita, ili historia ianze. Mkopo mpya wa mtambo uidhinishwe kwa masharti matatu: mtambo usifungwe chini ya alama ya maji ya 2020, bima iwe na kifungu cha mafuriko kinachosomwa na afisa kabla ya kusainiwa, na kiwanja cha ukingoni kisihesabiwe tena kama dhamana kuu. Marejesho yapangwe kufuata mauzo ya kahawa, kwa kuwa kumdai mnunuzi wa kahawa kiasi kilekile kila mwezi wa mwaka ni kumtafutia kukwama.

Kwa tawi zima, kila afisa arudi kwenye dhamana zilizo mabondeni akiwa na simu, achukue nukta ya ramani, na aulize wenyeji swali moja: maji yalifika wapi 2013 na 2020? Jibu liandikwe kwenye fomu, penye nafasi yake. Wazee wa LC1 wanakumbuka.

Baada ya hapo ripoti ya mwaka inaweza kubeba aya kama hii, na mkaguzi wa hesabu akaifuata mpaka kwenye faili: "Tumepima mahali dhamana zilipo katika matawi yetu ya Rwenzori. Mikopo iliyo chini ya alama za mafuriko ya 2013 na 2020 ni kiasi hiki, sawa na asilimia hii ya mikopo ya matawi hayo. Tumeongeza akiba ya hasara kwa kiasi hiki. Wateja kadhaa wamepewa mikopo ya kuhamisha mitambo. Matawi ya Elgon na ya fukwe za Ziwa Victoria bado hayajapimwa. Kazi hiyo itafanyika mwaka ujao." Sentensi ya mwisho ni muhimu sawa na za kwanza. Maporomoko ya Bududa ya 2010 na 2018 na mafuriko ya Mbale ya Julai 2022, yote upande wa Mlima Elgon mashariki mwa nchi, yanatosha kumwambia msomaji kwamba pengo la Elgon si dogo, na benki inayolikiri pengo lake inaaminika kwenye kile ilichokwisha kupima.

Jambo moja bado linaizuia njia hii. Mfuko wa Mikopo ya Kilimo haulipii ununuzi wa ardhi, na kiwanja cha juu, karibu na barabara, kimepanda bei kwa kuwa kila aliyepata somo la 2020 anakitaka. Mama ana mtambo wa asilimia 12 na hana pa kuuweka. Ama benki imkopeshe fedha ya kiwanja kwa riba yake ya kawaida na kubeba hatari ya muda, ama apange ardhi kwa mkataba wa miaka mingi, au ajiunge na ushirika wenye eneo juu tayari. Kwa hesabu ninazoziona, mkataba wa kupanga ndio unaobebeka, ukisainiwa mbele ya mwanasheria na ukizidi muda wa mkopo. Kamati ya mikopo ikae nalo kabla ya mvua za Machi.